Darasa Linapogeuka Mahakama

Mwanafunzi wa kidato cha pili aulizwapo mihimili ya dola ni mingapi, hujibu bila kusita kuwa ni mitatu: Serikali, Bunge na Mahakama. Akiulizwa kazi ya kila mmoja, huzitaja kwa mpangilio ule ule uliomo kitabuni. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiambiwa kwamba jirani yake ameshikwa na polisi tangu jana jioni, kwamba hakuelezwa kosa lake, na kwamba mama yake anauliza la kufanya, yaelekea atanyamaza. Si kwamba amekosa maarifa. Maarifa anayo, ila yamewekwa mahali ambapo hayafikiki wakati wa shida. Elimu ya sheria na uraia ina tatizo hili kuliko masomo mengine mengi, kwa sababu kinachofundishwa si jambo la kujulikana tu bali la kutendwa, na aghalabu la kutendwa mbele ya mtu mwenye mamlaka kuliko mtendaji.

Tangu miaka ya 1970 walimu na wanasheria wa nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu njia nyingine ya kulifundisha somo hili. Badala ya mwalimu kusoma na wanafunzi kunakili, darasa hugeuzwa kuwa mahakama, baraza la kijiji au kamati ya Bunge. Wanafunzi hupewa jambo lenye mgogoro, nao hulitetea, hulipinga na kulitolea uamuzi. Njia hii huitwa ufundishaji shirikishi, na katika vyuo vya ualimu mbinu zake zinajulikana kwa majina kama bunguabongo, igizo dhima na mahakama ya mfano. Jina si muhimu sana. Linalostahili kuchunguzwa ni kwa nini njia hii huleta matokeo ambayo hotuba ya mwalimu haiyaleti, na ni matokeo gani hasa.

Gololi za Geneva

Pahali pazuri pa kuanzia ni mchezo wa gololi. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 juu ya jinsi mtoto anavyopima mema na mabaya, mtaalamu wa elimunafsi wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza jinsi watoto wa Geneva na Neuchâtel walivyofuatwa katika michezo yao. Mchunguzi alikwenda na gololi mkononi, akajifanya hazijui kanuni za mchezo, akawaomba watoto wamfundishe. Kisha aliwauliza maswali ambayo kwa juujuu ni mepesi. Kanuni hizi zilitoka wapi? Je, waweza kubuni kanuni mpya? Ukiibuni, itakuwa ya haki?

Majibu yalitofautiana kwa umri. Watoto wadogo walisema kanuni zilitoka kwa baba, kwa wakubwa wa mji, hata kwa Mungu, na kwamba kuzibadili ni kosa. Ajabu ni kwamba watoto hao hao waliozitukuza kanuni hawakuzifuata walipocheza. Kila mmoja alicheza apendavyo, na wote wakajiona washindi. Kuanzia umri wa miaka kumi hivi hali iligeuka. Watoto walianza kusema kwamba kanuni ni mapatano, kwamba yaweza kubadilishwa iwapo wachezaji wote wamekubali, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo kila mmoja amefungwa nayo. Ndipo walipoanza kuzifuata kwa uangalifu, hata wakabishana juu ya nukta ndogo ndogo kama mawakili.

Yafaa msomaji asimame kidogo hapa. Kuiabudu kanuni kulikwenda pamoja na kutoifuata. Kutambua kwamba kanuni ni kazi ya watu kulikwenda pamoja na kuifuata. Piaget alisema badiliko hilo halikuletwa na maonyo ya wazazi na walimu, bali na ushirikiano wa watoto walio sawa, ambao hulazimika kuelewana ili mchezo uendelee. Wachunguzi waliomfuata wamesahihisha mengi katika maelezo yake. Elliot Turiel, kwa mfano, ameonyesha kwamba hata watoto wadogo sana hutofautisha kosa la kumwumiza mwenzao na kosa la kuvunja desturi tu. Hata hivyo wazo la msingi limedumu, nalo ni kwamba mtu huielewa kanuni kwa kushiriki katika kuitunga na kuitumia pamoja na wenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani wawili, June Tapp na Felice Levine, walilipeleka swali hili kwenye sheria za nchi. Waliwauliza watoto na vijana: Ingekuwaje kama kusingekuwa na sheria? Kwa nini watu wafuate sheria? Majibu waliyagawa katika ngazi tatu: ya mtu anayetii kwa kuogopa adhabu, ya mtu anayeilinda sheria ili pawe na utaratibu, na ya mtu anayeipima sheria kwa misingi ya haki akijiona kuwa naye ana sehemu katika kuitunga. Ngazi ya tatu hufikiwa na wachache. Ushauri wao ulikuwa kwamba vijana wasaidiwe kupanda kwa kupewa migogoro ya kuamua na nafasi ya kushiriki, siyo kwa kuongezewa vifungu vya kukariri.

Kibao cha bustanini

Mwaka 1972 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, walianza kwenda katika shule za sekondari za mji huo kufundisha sheria ya maisha ya kila siku: kukamatwa na polisi, kupanga nyumba, kununua kwa mkopo, ndoa na talaka. Mpango huo uliitwa Street Law, yaani sheria ya mitaani, nao umeenea katika nchi nyingi. Mojawapo ya masomo yake mashuhuri hutumia mfano uliotolewa mwaka 1958 na mwanafalsafa wa sheria wa Oxford, H.L.A. Hart: kanuni inayokataza vyombo vya usafiri kuingia katika bustani ya umma.

Somo hili laweza kufanywa popote penye ubao na chaki. Mwalimu huandika: MAGARI HAYARUHUSIWI KUINGIA BUSTANINI. Kisha hutoa mashauri moja baada ya jingine, na kila mwanafunzi huandika peke yake, kabla ya kusikia la mwenzake, kama kanuni imevunjwa au la. Gari la wagonjwa limeingia kumchukua mtu aliyeanguka. Mzoa taka ameingia na mkokoteni. Mama amesukuma kiti cha magurudumu cha mwanawe asiyeweza kutembea. Mtoto anaburuta kigari cha waya. Kijana amepita na bodaboda akitafuta njia ya mkato. Tena Baraza la Mji lataka kusimamisha bustanini lori kuukuu la vita liwe ukumbusho. Hili la mwisho lilibuniwa na Lon Fuller wa Harvard, mwaka ule ule wa 1958, kwa nia ya kumpinga Hart.

Hapo ndipo darasa huchangamka, na kwa Kiswahili huchangamka kwa namna yake. Pikipiki si gari. Mwanafunzi akiishikilia lugha ya kibao neno kwa neno, bodaboda yenye kelele na moshi itapita salama, ilhali gari la wagonjwa litazuiwa langoni. Mkokoteni je? Wako watakaosema kwamba huitwa pia gari la mkono, na gari la ng'ombe ni gari kwa jina lake lenyewe. Na kigari cha waya, ingawa ni cha kuchezea, kimebeba neno lile lile tumboni mwake. Mwingine atapendekeza kibao kibadilishwe kiseme "vyombo vya moto". Pikipiki sasa imenaswa, lakini mkokoteni umetoka, baiskeli imetoka, na gari la wagonjwa bado limekwama nje. Wa tatu ataongeza "isipokuwa kwa dharura", na wa nne atauliza ni nani mwenye kuamua kwamba hii ni dharura: dereva, mlinzi wa lango au hakimu?

Katika dakika arobaini wanafunzi huwa wamekutana na mambo yanayowachukua wanafunzi wa chuo kikuu muhula mzima. Wameona kwamba maneno ya sheria yana kiini kilicho wazi na pembezoni penye utusitusi. Wameona kwamba kulijua kusudi la kanuni (ni kelele zinazozuiwa, au hatari kwa watoto, au uharibifu wa majani?) husaidia kuamua pale maneno yanapokwama, na kwamba hata kusudi lenyewe hubishaniwa. Zaidi ya yote wameona kwamba mtunga sheria hawezi kuyaona yote yajayo, na ndiyo sababu pakawa na mahakama. Mwalimu angeweza kuyatamka haya yote kwa dakika tano. Yangenakiliwa vizuri, na pengine yangesahaulika kabla ya mwisho wa muhula.

Ubora wa somo hili hutegemea jambo moja dogo ambalo walimu wengi huliruka: kuandika kwanza, kusema baadaye. Asiyeandika uamuzi wake huufuata uamuzi wa mwenzake mwenye sauti kubwa. Aliyeandika ana kitu cha kutetea au cha kubadili, na kubadili mawazo mbele ya wenzake baada ya kusikia hoja bora ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Afrika Kusini chini ya ubaguzi

Njia hii ilipata mtihani mkali zaidi ilipofika Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 1980 Profesa David McQuoid-Mason wa Chuo Kikuu cha Natal, mjini Durban, aliianzisha huko, na wanafunzi wa sheria wakaanza kuingia mashuleni. Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mwezi Juni 1986 hali ya hatari ilitangazwa nchi nzima, na watu wengi waliwekwa kizuizini bila kushitakiwa. Kwa vizazi vingi sheria za pasi zilikuwa zimemfanya Mwafrika mhalifu kwa sababu tu ya kuonekana mjini bila karatasi. Kumfundisha kijana wa namna hiyo kwamba sheria ni kitu chema kisicho na mjadala kungekuwa dhihaka.

Mjadala ndio uliookoa somo. Darasa linaloulizwa "Je, sheria hii ni ya haki?" linaweza kujifunza sheria ilivyo bila kulazimika kuisujudia. Kijana alihitaji kujua polisi wana uwezo gani kisheria, na mipaka ya uwezo huo, hata kama sheria yenyewe ilitungwa na Bunge ambalo wazazi wake hawakulipigia kura. Serikali ya ubaguzi ilipoondoka, na Katiba mpya yenye tamko la haki ikapitishwa mwaka 1996, mbinu zile zile zilitumika kufundisha mambo mapya.

McQuoid-Mason aliwahimiza walimu kutumia pia utaratibu mwepesi wa kumsaidia mwanafunzi asiyezoea kusema mbele za watu. Msemaji hupitia hatua nne: hutoa hoja yake, hutaja sababu, hutoa mfano, kisha huifunga hoja. Ni utaratibu mdogo, lakini humwondolea mwanafunzi mwoga swali linalomtesha kuliko yote, yaani aanzie wapi na aishie wapi.

Kesi ya umri wa kuolewa

Mashauri ya kubuni yana faida yake, ila shauri la kweli lililokwisha kuamuliwa lina uzito zaidi. Kwa shule za Tanzania ni vigumu kupata lililo bora kuliko la umri wa kuolewa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini kabisa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Msichana aliye chini ya miaka 18 alihitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mahakama iliweza, kwa sababu maalumu, kuruhusu ndoa ya aliyefikia miaka 14. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba ya mwaka 1977, hasa mahali inaposema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mwezi Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilimkubalia, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwanasheria Mkuu alikata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Mwalimu huligawa jambo hili katika vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza hawaambiwi jinsi kesi ilivyokwisha. Hupewa karatasi yenye maneno ya vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa, ibara za 12 na 13 za Katiba, na kifungu cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinachosema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kisha hupigwa kura ya nani asimame upande gani. Jambo hili la kura lisidharauliwe. Anayechagua upande aupendao hutetea moyo wake. Aliyepangiwa hulazimika kutafuta nguvu ya hoja ambayo pengine haipendi. Na upande wa kuitetea sheria haukosi la kusema. Sheria ya mwaka 1971 ilitanguliwa na Waraka wa Serikali wa mwaka 1969, katika jitihada ya kuweka sheria moja ya ndoa kwa wananchi wenye dini na desturi mbalimbali. Yaweza kudaiwa pia kwamba kubadili umri wa kuoa ni kazi ya Bunge lililochaguliwa na wananchi, wala si ya majaji watatu. Upande wa pili una hoja inayoeleweka hata na mtoto: ikiwa miaka 15 ni mingi kiasi cha kutosha kwa msichana, kwa nini haitoshi kwa mvulana?

Katika kipindi cha pili majaji wa darasa husoma hukumu zao na sababu zake, ndipo mwalimu anaposoma muhtasari wa hukumu za kweli. Baadhi ya majaji wadogo watakuwa wameamua vingine. Si hasara. Watakuwa wameona kwamba hukumu ni hoja inayoweza kupimwa, wala si ngurumo itokayo mbinguni, na kwamba rufaa ipo kwa sababu majaji nao ni wanadamu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Katika darasa la wasichana wa miaka 14 na 15 huenda yumo ambaye mahari yake imekwisha kuzungumzwa nyumbani. Mwalimu asiombe ushuhuda wa mtu binafsi, wala asimpangie mwanafunzi nafasi ya "msichana anayeozwa" katika igizo. Majina ya kubuni na maandishi ya sheria yanatosha. Wakati huo huo, msichana huyo anastahili kutoka darasani akijua kwamba marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalifanya kumwoa mwanafunzi kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 30, na kumwozesha pia kuwa kosa, na akijua pia ni nani katika kata yake wa kuambiwa. Somo lisilofika hapo limeishia kwenye mchezo.

Ushahidi unasemaje

Ziko takwimu zinazozunguka katika semina za walimu zikidai kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya anayoyasoma, 20 ya anayoyasikia, na kuendelea hadi 90 ya anayoyatenda. Takwimu hizo hazina uchunguzi nyuma yake. Edgar Dale, ambaye mchoro wake wa mwaka 1946 husingiziwa kuwa ndio chimbuko, hakuweka asilimia yoyote. Njia shirikishi haihitaji kutetewa kwa hesabu za uongo.

Ushahidi wa kweli una kiasi, nao unapendeza zaidi. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la kupima mafanikio ya elimu, IEA, liliwapima vijana wa miaka 14 wapatao 90,000 katika nchi 28, ingawa hakuna hata moja ya Afrika. Mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba wanafunzi walioona kuwa darasani mwao kuna uhuru wa kujadiliana na kutofautiana, kwa jumla, walijua zaidi mambo ya uraia na walikuwa tayari zaidi kupiga kura wakikua. Afrika ilipata uchunguzi wake kutoka Afrika Kusini. Wataalamu Steven Finkel na Howard Ernst walichambua majibu ya wanafunzi wa sekondari wapatao 600, yaliyokusanywa mwaka 1998, wakayachapisha mwaka 2005. Waligundua kwamba kuhudhuria vipindi vya uraia mara kwa mara kuliongeza maarifa. Lakini maadili ya kidemokrasia na ustadi wa kushiriki havikuongezeka kwa kuhudhuria tu. Vilitegemea zaidi mwalimu anayeaminika na kupendwa na wanafunzi, mbinu shirikishi, na uhuru wa kusema darasani.

Kwa maneno mengine, hotuba hufundisha. Inafundisha majina, tarehe na idadi ya mihimili. Ila kumvumilia mpinzani, kuthubutu kuuliza na kupima hoja havimo ndani ya hotuba, hata ikiwa hotuba yenyewe inahusu kuvumilia, kuuliza na kupima. Lakini uchunguzi wa namna hii una mpaka wake. Wanafunzi waliulizwa mara moja tu, na huenda kijana ambaye tayari anapenda siasa ndiye anayeliona darasa lake kuwa lenye uhuru.

Wanafunzi sitini, lugha mbili na fimbo moja

Kipingamizi kinachotajwa kwanza daima ni wingi wa wanafunzi. Mahakama ya mfano yenye hakimu, mwendesha mashtaka, wakili, mshitakiwa na mashahidi wanne huwapa kazi wanafunzi kumi hivi. Hamsini hubaki watazamaji. Dawa yake ilikwisha kupatikana katika mpango wa Street Law: mahakama ndogo za watu watatu, yaani mlalamikaji, mlalamikiwa na hakimu. Darasa la wanafunzi 60 huwa na mahakama 20 zinazosikiliza shauri moja kwa wakati mmoja. Wale walalamikaji 20 hukaa pamoja dakika kumi kupanga hoja, walalamikiwa vivyo hivyo, na mahakimu hupanga maswali ya kuuliza. Kisha kila mahakama husikiliza shauri lake kwa dakika kumi na tano. Hukumu 20 huandikwa ubaoni zikiwa zimegawanyika, labda kumi na mbili kwa nane, na kugawanyika huko ndiko kunakoanzisha mazungumzo yenye faida. Kelele zitakuwapo. Mwalimu mkuu aelezwe mapema.

Lugha ni kipingamizi kizito zaidi. Katika shule za msingi za Serikali nchini Tanzania uraia umefundishwa kwa Kiswahili, lakini kwa muda mrefu mwanafunzi aliyefika sekondari alikutana nao kwa Kiingereza. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulikwisha kuonyesha kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusomea. Mtu anaweza kunakili kwa lugha asiyoimudu, kubishana hawezi. Igizo dhima la Kiingereza katika shule nyingi huishia kuwa wanafunzi watatu hodari wakiongea na mwalimu. Na hoja kwamba sheria yenyewe i katika Kiingereza imepungua nguvu. Mahakama za Mwanzo, ambako mwananchi wa kawaida hupeleka shauri lake, zimetumia Kiswahili tangu zamani, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwalimu anayeendesha mjadala kwa Kiswahili na kudai maandishi ya mwisho kwa Kiingereza hajavunja kitu, na aghalabu maandishi hayo huwa bora kwa kuwa yametokana na fikra zilizokwisha kukomaa.

Kipingamizi cha tatu hakitajwi sana, nacho ndicho chenye mizizi mirefu. Walimu wengine huogopa kwamba mwanafunzi anayezoea kuhoji sheria atahoji na fimbo. Hofu hiyo ina msingi. Kanuni za mwaka 2002 juu ya adhabu ya viboko mashuleni Tanzania ziliweka mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Darasa linalojifunza kusoma kanuni litazisoma na hizi. Mwalimu anayeficha karatasi hiyo hufundisha kwamba sheria ni ya kuwafunga wadogo peke yao, na hakuna mahakama ya mfano itakayolifuta somo hilo. Anayeiweka mezani, akakubali ijadiliwe pamoja na swali la kama viboko vinafaa hata kidogo, huenda akapoteza kitu fulani katika utisho wake. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto, kinachompa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, hakikuacha nje mlango wa shule.

Kinachobaki ni mtihani, kwani mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Swali la "taja na eleza" husahihishwa upesi, na hiyo ndiyo sababu limeishi muda mrefu. Lakini swali la shauri halihitaji gharama kubwa. Mathamani, mkulima, amenunua redio dukani. Kibao ukutani kinasema MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Redio imekufa siku ya pili. Chini ya swali huchapwa kifungu cha sheria ya mauzo kinachotaka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe katika hali ya kufaa kuuzwa. Je, kibao ni sheria? Mtahini aweza kugawa alama kumi hivi: tatu kwa kutaja mambo ya hakika yenye uzito katika shauri, tatu kwa kukisoma kifungu na kukilinganisha na mambo hayo, mbili kwa kutaja habari inayokosekana ambayo ingebadili jibu, kama vile redio kuangushwa njiani, na mbili kwa kusema Mathamani aanze kwenda wapi kabla ya kwenda mahakamani.